Tochi Saba za Sajenti

Lori lilikuwa limeshaanza kutambaa kutoka getini, askari wamekaa nyuma juu ya magodoro yao, mkuu wa kituo alipoligonga ubavuni likasimama.

“Sajenti, shuka. Wewe utafuata kesho.”

Sajenti akashuka kutoka kiti cha mbele kama mfalme anayeombwa apishe. Miaka ishirini na tisa aliungoja ukuu wa kituo cha milimani, kisicho na umeme, ambako doria ndiyo kazi yenyewe. Leo amekipata, na bado wanamchezea.

“Kuna nini tena, afande?”

“Tochi. Juzi mwizi amekupita na cherehani kichwani, nusura akukanyage, ukaniandikia kwamba tochi ilikuwa mbovu. Nimekubali. Sasa nichagulie unayoiamini mwenyewe. Iwe ndogo, iingie mkandani, na bei yake askari wa kawaida aimudu. Koplo anazo saba za kujaribu. Usipopata hata moja, kituo nampa mwingine. Habari za tochi sitaki kuzisikia tena.”

Lori likaondoka. Askari wakampungia mikono, hakuwajibu.

Ghala la vielelezo lilikuwa refu na halina dirisha, limejaa mapanga, baiskeli na masufuria ambayo wenyewe hawakuja kuyadai. Koplo alikuwa kule mwisho na boksi lake. Ni mwanamke mtulivu; sajenti ndiye aliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza, hata kufunga kamba za buti.

“Shikamoo, afande. Baki hapo mlangoni. Naufunga, kisha narudi huku mwisho. Halafu namulika kitu nilichoshika, panga au ufagio. Tochi itakayokuonyesha, hiyo ndiyo ya kwetu.”

“Marahaba. Washa, binti. Nina safari.”

Giza likaingia. Kitufe kikalia.

“Hiyo ni tochi au umekumbuka kuvuta sigara?” sajenti aliuliza.

“Nimeshika nini, afande?”

“Umeshika aibu ya kiwanda. Andika: ya kutafutia chawa. Nyingine.”

Karatasi ikachakarika ndani ya boksi. Buti za koplo zikasogea, kitufe kikalia tena.

“Hii ina homa,” akasema sajenti. “Tazama rangi yake, kama chai ya hospitali. Betri umeweka?”

“Mpya, nimezifungua asubuhi hii.”

“Basi na betri nazo wamezichakachua. Wameanza na mafuta, wakaja kwenye saruji, sasa wanachakachua mwanga.”

Hilo alilisema kutoka moyoni. Nyumbani kwake alikuwa amebadilisha balbu ya sebuleni mara tatu mwezi huo, na kila mpya ilikuwa mbovu kuliko ile aliyoitupa. Mkewe alichukua zile balbu akazihifadhi kabatini, na tangu hapo chai ya mumewe akawa anaimimina yeye na kumkabidhi kikombe mkononi. Sajenti aliona ni heshima ya cheo kipya.

Ya tatu aliitaka mkononi. Koplo akamletea. Akaipima kwenye kiganja, akaguna.

“Nyepesi kama ganda la karanga. Ukimpiga nayo mwizi, atakuomba radhi kwa kukuvunjia tochi. Na bei?”

“Ni ya chini, afande.”

“Cha rahisi ni ghali, babu zetu hawakuwa wajinga. Irudishe.”

Ya nne akaiita kipofu. Ya tano akasema imetengenezwa na mtu asiyelala gizani hata siku moja. Kila mara koplo alichakarisha karatasi, akapiga hatua kadhaa, akawasha, akauliza ameshika nini, akaandika. Alikuwa anaandika zaidi ya maneno aliyokuwa anaambiwa, na sajenti, aliyemjua kwa bidii yake, hakushangaa.

Kwenye ya sita alikaza macho.

“Hii inajaribu,” akakiri. “Umeshika fimbo.”

“Panga, afande.”

“Panga, fimbo, yote ni silaha mwizi akija nayo. Ila mwanga una utelezi. Malizia.”

Ya saba ilipowaka, sajenti alicheka kwa sauti. Aliona panga, mpini wake, kidole gumba cha koplo na pete yake.

“Leta hapa.” Akaipokea, akaipima. “Unaona? Hii ina uzito. Hii kuna mtu amekaa chini akafikiri. Zile nyingine sita wangekamatwa waliozitengeneza. Andika: ya saba.”

“Ya saba,” koplo alisema polepole. “Hatua tatu.”

“Hatua nani kakuuliza? Andika tochi.”

“Ndiyo, afande.”

Akafungua mlango. Sajenti akatoka kifua mbele, akajikwaa kwenye kizingiti, akakitukana kizingiti.

Koplo akalifunga daftari. Kisha akalipeleka kwa mkuu wa kituo, naye akalisoma akiwa ameshika kichwa.

Kituo cha milimani kinaongozwa na koplo, na cheo ameshapandishwa. Mwizi wa cherehani hajapatikana. Sajenti yuko mapokezi, zamu ya mchana. Asubuhi mkewe humleta akimshika mkono na jioni humfuata, na kila anayekaa kwenye benchi husimuliwa jinsi alivyozipima tochi saba akaikuta moja tu ya maana. Tochi mpya hazikununuliwa. Ile moja iliyokuwa ndani ya boksi, peke yake tangu asubuhi, koplo aliifuta vumbi akamrudishia mkuu wa kituo, naye akaichomeka mkandani mwake.