Pumzi za Alasiri

Kila akishasali alasiri, Sikudhani hubaki mkekani na tasbihi yake. Anavuta pumzi akilitaja jina la Mungu moyoni, anaishusha taratibu, anasogeza punje moja, mpaka zitimie tisini na tisa. Leo alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa akimgeuza mama yake kitandani, akimfulia, akimnywesha uji kwa kijiko.

"We Siku, unasali au unasinzia?" mama akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nasali, mama. Lala."

"Basi niombee Mungu anichukue. Umechoka, mwanangu, nakuona."

Kuomba hilo Sikudhani hakuweza. Alifumba macho akaendelea, na punje zikaenda vizuri kuliko siku zote, polepole, mpaka mabega yakamlegea. Kwenye ya sitini ndipo alipogundua kwamba pumzi aliyokuwa akiihesabu si yake. Ilikuwa ya mama, ile yenye mluzi, pale kitandani nyuma yake.

Angeweza kuanza upya. Hakuanza. Aliishika ya sitini na moja kwa vidole viwili, akasubiri mama avute nyingine.