Kipande cha Boksi

Kompyuta ya baba ililia pi, pi, pi, kisha ikanyamaza. Kioo kilibaki cheusi tititi.

"Ulisema ukiiongezea memori itakimbia," baba alinung'unika. "Sasa hata kutambaa haiwezi!"

Binti yake alikuwa ameichomoa na kuichomeka ile memori mpya mara nne, jasho likimtoka. Alipoikandamiza kwa kidole, mlio ulikatika, alipoiachia, ukarudi. Kumbe kishikizo cha kuibana mle ndani kilivunjika zamani.

Hapo ndipo alipokumbuka kile kikaratasi kigumu alichokitoa mahali pale asubuhi pamoja na vumbi, akidhani ni takataka.

Akakiokota kwenye ndoo. Kilikuwa kipande cha boksi la dawa ya meno, kimekunjwa mara mbili. Alipokikunjua, akakutana na mwandiko wa marehemu mama yake: "Usikitoe, mume wangu. Ukikitoa utaniita tena."

Baba alisoma akichungulia juu ya bega lake.

Binti akakikunja vilevile, akakipachika palepale. Kioo kikawaka.

"Imepona, Baba."

Baba hakukitazama kioo. Aliingiza mkono ndani ya kasha la kompyuta, akakigusa kile kipande kwa ncha ya kidole.

"Na nikikitoa?" aliuliza.