Dozi ya Kwanza ni ya Mume

Tangu sheria iamuru kwamba kila dawa ya mgonjwa idungwe kwanza kwa mwenzi wa daktari, hospitali zimekuwa salama, na nyumba za madaktari zimekuwa kimya kama makaburi. Usiku wa jana Mwakio alimkanda mkewe, Daktari Mghoi, miguu ili alale vizuri, akamnyamazisha mtoto wao Wakesho, na jogoo akamfungia kabatini asiwike.

Sasa Mwakio alikuwa amejilaza wodini, mkono wazi.

“Ulilala, mama Wakesho?”

“Kama gogo.”

“Mbona macho mekundu?”

“Woga wako tu. Tulia.”

Sindano ilipenya, dawa ikaisha yote. Mghoi akapiga mwayo mrefu.

“Hebu nikumbushe, baba Wakesho. Anayedhuriwa na penisilini ni yule mgonjwa, au ni wewe?”