Nafasi ya Tausi

Siku hizi hachanjwi mtoto ambaye jina lake halimo kwenye daftari la wilaya, na sisi wa kambini hatumo. Mtoto wa mjini akifa kabla ya kuchanjwa, mama yake anaruhusiwa kumpa mtoto wa mkimbizi nafasi hiyo, pamoja na jina.

Surua ilikuwa imeshaingia mtaani kwetu kambini Mama Tausi wa mjini alipokuja na gauni la marehemu binti yake, amelipiga pasi.

"Bibi, Tausi wangu alikuwa na miaka minne kama mjukuu wako. Mfundishe kuitika."

Wiki nzima nilimwita Nabintu wangu Tausi, wakati wa kula na wa kuoga, kwa sababu mtoto asiyeitika harakaharaka hurudishwa bila sindano.

Zahanatini, nesi aliita, "Tausi!"

"Abee!" Mjukuu wangu akasimama papo hapo. Mama Tausi akaziba mdomo kwa khanga yake.

Alichomwa, akalia kidogo. Mama yule akambembeleza, akamfunga vizuri kifungo cha shingoni.

"Bibi, naomba Jumamosi nije nimsuke."

"Njoo, mwanangu." Ningekataaje?

Nyumbani nilimvua lile gauni, nikamimina uji. "Nabintu, njoo unywe."

Hakugeuka. Nilipomshika bega, aliniuliza kwa upole, "Bibi, na Nabintu yeye atachanjwa lini?"

Akanywa nusu ya uji. Nusu nyingine akaifunika kwa kisahani, akaisogeza upande wa mkeka asipokaa mtu.