Aliyejiita Sikudhani

Sikudhani, fundi cherehani, alikuwa akipiga pindo la gauni ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa kampuni alikojiandikisha baada ya kupotelewa na kitambulisho, ili imwarifu endapo mtu ataomba mkopo kwa jina lake. Ulisema: "Ombi jipya limepokelewa. Kama si wewe, piga simu."

Alipiga.

"Tumeshalizuia, mama," alisema mhudumu. "Lakini aliyeomba bado yuko benki, tawi la sokoni."

Tawi hilo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikudhani alivuka, akasimama mlangoni. Dirishani, mwanamke aliyevaa ushungi alikuwa akimjibu karani bila kusita. Akataja jina la baba, la mama, hata la mrithi: Mwinyi, mtoto ambaye Sikudhani alimzika mwaka juzi.

Kitambulisho hakina jina la mtoto.

Mlinzi alimwona akimkodolea macho mwanamke huyo. "Unamfahamu yule, dada?"

"Sijawahi kumwona."

Mwanamke akageuka. Alipomwona Sikudhani hakushtuka. Akatabasamu taratibu, kama mtu aliyekutana na ndugu yake, kisha akampungia mkono.