Maji ya Kunawa

Ngoma ilikuwa imekolea, na Bi Mafunda alikuwa amekalishwa kwenye mkeka wa mbele pamoja na wenzake waliofungwa kwa kutetea kisima cha mtaa. Leo mtaa mzima ulikuja kuwaenzi na kuwafuta machozi. Sinia la pilau liliposhushwa, Diwani Mshamu akawahi birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Bi Mafunda huku akipigwa picha.

"Karibu unawe, mama yetu shujaa."

Bi Mafunda aliutazama mkono wake. Mkono ule ulioshika birika ndio uliomnyooshea kidole mbele ya polisi: "Huyo hapo, mkamateni!" Nusura ateme mate.

Akamnyang'anya birika. "Anza wewe, baba."

Diwani akacheka, akakinga mikono. Akanawa, akasugua, akataka kuinuka.

"Bado," alisema Bi Mafunda.

Akammiminia mpaka birika likakauka. Ngoma ikanyamaza.

"Bado mikono hiyo haijatakata. Leteni maji."

Diwani alikuwa angali amepiga magoti, mikono mbele, wanawake walipoanza kuinuka mikekani mmoja mmoja, kila mmoja na birika lake.