Khanga Zilizotandikwa Stendi

Nyange aliposhuka kwenye basi, medali ikining'inia shingoni, alikuta wanawake wa mtaani kwao wametandika khanga kutoka stendi hadi mlangoni kwa shangazi yake. Vigelegele vikampokea.

"Pita, baba," shangazi alisema. "Umetutoa kimasomaso."

Kule jijini, kwenye mbio ndefu, miguu ilimgomea kilomita ya kumi na tisa, akapakiwa kwenye gari la kuokota waliochoka. Liliwashusha karibu na utepe wa mwisho, na binti aliyekuwa akigawa medali akamvisha bila kumuuliza kitu. Naye akapanda basi nayo shingoni.

Khanga ya kwanza aliijua. Shangazi aliitunza sandukuni tangu harusi yake, hakuwahi kuifunga hata Sikukuu.

Nyange akainama, akavua viatu.

"Shangazi, mbio sikuzimaliza," alisema kwa sauti ya chini. "Nilibebwa na gari."

Shangazi aliendelea kutabasamu, ila macho yalimtoka. "Pita tu. Watu wanatuangalia."

Nyange akapita pembeni, vumbini, viatu mkononi. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, na nyuma yake akasikia shangazi akiikung'uta khanga ambayo hakuna aliyeikanyaga.